Pendekezo Namba Moja

Taulo ndiyo iliyomwambia. Mama Dobi aliichomoa kwenye kapu la nguo chafu, akaikunjua, akaona doa la udongo wa kijivu kwenye pindo. Akalinusa. Harufu ya yai viza. Akakaa juu ya beseni lililopinduliwa, taulo mapajani, moyo ukaanza kumchemka polepole kama pipa la maji ya kufulia.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifua katika nyumba ile ya wageni yenye vyumba kumi na viwili, na madoa ya kisiwa kile aliyajua kama mtu anavyojua sura za wanawe. Mchanga mweupe ulikuwa wa ufukwe wa mbele. Huo ukiukung'uta mara mbili umekwisha. Udongo mwekundu ulikuwa wa njia ya sokoni, nao ulitaka ndimu na chumvi. Lakini kijivu chenye harufu ya yai viza kilitoka mahali pamoja tu, ghuba ndogo nyuma ya majabali, na huko mgeni hakuwahi kufika. Alikuwa akienda yeye, peke yake, siku yake ya mapumziko, kusali na kukaa kimya, tangu alipomzika mumewe.

Jumatatu taulo moja. Jumanne hii, nne.

Alikwenda mapokezi na mikono ikimchuruzika povu. Pale mezani alikaa binti wa kaka yake, ambaye kazi ile Mama Dobi mwenyewe ndiye aliyemwombea.

"Shangazi, maji hayo. Nimetoka kupiga deki sasa hivi."

"Sakafu itakauka. Niambie, wageni wanakwenda wapi siku hizi?"

Binti akatabasamu, akavuta droo, akatoa karatasi yenye picha ya jua. "Nilitaka nikuonyeshe iwe zawadi. Kila chumba kina moja. Na anayelipia chumba tunamtumia kwenye simu kabla hajafunga begi."

Mama Dobi alijifuta mikono kwenye gauni, akasoma huku kidole kikifuata mstari, kama alivyofundishwa darasani zamani. Mapendekezo kwa Anayekuja Kisiwani Mara ya Kwanza. Namba moja, Ghuba ya Siri. Huku ndiko wenyeji wenyewe wanakopumzikia. Beba taulo, kitabu na chakula, ukae mchana kutwa usahau dunia. Namba mbili, vaa kofia. Namba tatu, kunywa maji ya kutosha. Namba sita ilimshauri mgeni apande gari la kamba mpaka kileleni, na kisiwani pale hapakuwa na kilele, wala kamba isipokuwa ya kuanikia nguo.

"Mchana kutwa," alisema. "Mimi nilikwambia mchana kutwa?"

Binti akainamisha macho. Wote wawili waliikumbuka siku ile, wiki mbili nyuma, chumba cha pasi, mmoja akinyoosha mashuka na mwingine akiyakunja. Binti aliuliza, Shangazi, wewe siku ya mapumziko unakwenda wapi, mbona hurudi na samaki wala umbea? Naye, kwa kuwa anayeuliza ni damu yake, akafungua moyo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na hilo alilijua tangu utoto, lakini alijikwaa.

"Nilikwambia mambo mawili," alisema. "La kwanza pazuri, la pili panaua. Nikakwambia, mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa kupita kawaida, na kule hayaji usoni pako ukayaona. Yanakuja mgongoni. Yanajaza kwanza ule mfereji uliovuka asubuhi ukiwa mkavu, na wewe umekaa kwenye mchanga mkavu unasoma kitabu. Ukija kugeuka, njia haipo, na kuta za mawe pande zote. Nikakwambia utazame jiwe jeupe pale mferejini. Maji yakiligusa, nyanyuka, hata kama una tonge mdomoni. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, Shangazi. Na mimi niliandika yote. Meneja ndiye aliyekata. Alisema karatasi ya likizo si tangazo la msiba."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema sawa, bwana."

Binti akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa.

"Umechukua mdomo wangu," alisema, "ukaukata nusu, halafu ukawaitia watu wafe."

Wafanyakazi walimwita Meneja Hakuna Tabu, ila si mbele yake. Paa likivuja, hakuna tabu. Mpishi akiungua mkono, hakuna tabu, weka maji baridi. Ofisini kwake ukutani palitundikwa picha kubwa ya kisiwa kizuri ambacho hakikuwa kile. Alimsikiliza Mama Dobi huku akigeuza kiti kulia na kushoto.

"Mama, wageni ni watu wazima. Wana macho."

"Hawajawahi kuona bahari. Karatasi yenyewe inasema mara ya kwanza. Mtu wa mara ya kwanza ana macho ya kuangalia nini?"

"Hii namba moja ndiyo inayopendwa kuliko zote. Tukiweka habari za kifo, nani atakuja? Hakuna tabu. Mwezi ujao tukichapa nyingine, tutaliangalia."

"Bamvua ni keshokutwa, bwana. Haingoji mwezi ujao."

"Mama," alisema Meneja, na sasa alitabasamu vile mtu anavyomtabasamia mtoto aliyeshika kisu, "wewe ni bingwa wa mashuka. Tuachie sisi mapendekezo. Na tafadhali, usiende kuwatisha wageni mlangoni."

Alitoka. Katika chumba cha kufulia alisugua doa lile la kijivu kwa maji baridi, kwa kuwa ya moto yangelishikiza, akasugua mpaka vifundo vya vidole vikawaka. Alijaribu kuomba. Mungu, alisema mwishowe, mimi sikuombi unipunguzie hasira. Unionyeshe pa kuiweka tu.

Alifikiri kuzikusanya karatasi vyumbani wakati wa kutandika. Zingekuwa kumi na mbili, kazi ya asubuhi moja. Lakini zile za kwenye simu angezitoa kwa jiki ipi? Maneno yalikwisha kwenda. Alichobaki nacho kilikuwa kile ambacho kila anayekwenda ghubani lazima akibebe, kwa sababu karatasi yenyewe imemwamuru. Taulo.

Juu ya rafu palikuwa na chupa ya wino wa kuwekea nguo alama, ule aliotumia kuandika herufi ndogo ya nyumba kwenye kona ya kila shuka lisipotee. Jumatano, baada ya kuanua, alitandaza taulo za ufukweni juu ya meza ya pasi, moja moja, zote arobaini. Katikati ya kila moja aliandika kwa herufi kubwa za darasa la tatu, kila herufi ndefu kama kidole: MAJI YAKIGUSA JIWE JEUPE ONDOKA. NJIA INAFUNGWA NYUMA YAKO. Mkono ulimuuma alipofika ya ishirini. Alipofika ya thelathini alikuwa anaandika kwa kukandamiza hata wino ukapenya upande wa pili.

Alhamisi, kwenye saa nane mchana, Meneja alipita uani akazikuta kambani, zimetolewa rafuni ziote jua wino ushike, nyeupe, zinapepea, zote zikisema neno moja. Alisimama kama aliyekuta nguo zake za ndani barabarani.

"Nani amefanya huu upuuzi?"

"Mimi," alisema Mama Dobi, vibanio mdomoni.

"Fua. Sasa hivi. Zote."

"Huu hautoki, bwana. Ungekuwa wa kutoka nisingeutumia."

"Umeharibu mali. Unaelewa? Umeharibu mali ya watu, mwanamke mtu mzima, mcha Mungu." Na hapo ndipo aliposahau hakuna tabu yake, akasema mengi, ya uzee, ya shule ya msingi, ya shukrani ya punda. Mama Dobi hakumsikiliza. Alikuwa anahesabu. Dobi huhesabu hata akitukanwa. Alihesabu kamba ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza.

"Thelathini na nane," alisema. "Mbili ziko wapi?"

"Usinibadilishie mazungumzo."

Binti wa mapokezi alikuwa amesimama mlangoni, kelele zimemtoa ndani. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Chumba namba nne, Shangazi. Wale kina mama wawili, ndugu, waliofika jana jioni. Yule mkubwa ana goti bovu. Walijichukulia taulo kwenye rafu saa tatu asubuhi, wewe ulikuwa juu unakusanya mashuka. Walikuwa na kitabu na chakula." Akatazama upande wa majabali. "Walisema wanaanza na namba moja."

Mama Dobi alitema vibanio. Alikwenda kwenye nguzo, akafungua fundo ambalo yeye mwenyewe alilifunga, akaivuta kamba kwa nguvu. Taulo zote thelathini na nane zikaanguka mchangani miguuni pa Meneja, na maandishi yakabaki yanamtazama. Akaizungusha kamba kiwikoni, mizunguko kumi, kumi na mbili, akashika njia ya majabali. Binti akavua viatu, akamfuata mbio.

"Shangazi, ningejua…"

"Ulijua. Nilikwambia. Okoa pumzi yako."

Mkono wa kulia bahari ilikuwa imepanda, tulivu, inang'aa, nzuri kama ilivyo kwenye karatasi, na uzuri ule ulimchukiza. Akasema moyoni: Bwana, wakiwa wamekufa, ni mimi. Si Hakuna Tabu, si huyu mtoto. Mimi ndiye niliyefungua mdomo.

Walipozunguka jabali la mwisho waliwakuta. Wanawake wawili, mvi zimewalowa, wamekaa chini kwenye mawe ya njia, wameshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Nguo ziliwaganda mwilini. Kitabu hakikuwepo, viatu havikuwepo. Yule mkubwa alikuwa amejifunga taulo mabegani, na mgongoni ilisomeka ONDOKA.

Mama Dobi alisimama. Kamba ikamtoka kiwikoni, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Akashika mwamba.

"Wewe ndiye wa hotelini?" aliuliza yule mkubwa. Sauti yake haikuwa na shukrani hata chembe.

"Ndiye mimi, dada. Nafua."

"Haya niambie, mama mfuaji. Nyie ni watu gani? Karatasi inaniambia nikae mchana kutwa nisahau dunia. Taulo inaniambia niondoke. Mimi nimecheka. Nikamwambia mdogo wangu, ona, watu wa hapa wana utani. Nimelala juu ya haya maneno nusu saa nzima nikicheka."

"Mimi ndiye niliyekwenda kuliangalia hilo jiwe," alisema mdogo, meno yakigongana. "Sikuliona. Lilikwisha zama. Tumevuka maji yakiwa hapa." Akajigusa chini ya kidevu. "Na huyu hawezi kuogelea. Nimemburuta kwa hiyo taulo."

"Kama mlijua," alisema mkubwa, "kwa nini hamkuandika kwenye karatasi?"

Mama Dobi angeweza kujitetea. Maneno aliyo nayo yalitosha kujaza pipa. Alimgeukia binti wa kaka yake.

"Mjibu," alisema.

Binti akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma, "Tuliandika. Tukafuta. Tulisema itawatisha."

Mama Dobi aliinama, akampa yule mwenye goti bovu bega lake la kuegemea, wakaanza kurudi wanne, hatua kwa hatua.

Uani Meneja alikuwa amekwisha pata habari, amesimama na vikombe viwili vya chai ya moto kwenye sinia. "Poleni sana, akina mama. Hakuna…" Yule mkubwa alimtazama, na neno la pili likamfia mdomoni. Yule mama alichukua chai, akanywa yote, akarudisha kikombe. Akamwambia kwamba wataondoka na chombo cha kwanza asubuhi, lakini usiku huu atagonga mlango wa kila chumba yeye mwenyewe, kwa goti lake hili hili, awaambie. Meneja akatazama taulo zilizokuwa bado mchangani. Hakuna aliyeziokota.

"Yale maneno yatabaki hivyo hivyo?" alimuuliza Mama Dobi kwa sauti ya chini.

"Nimekwambia wino huu hautoki."

Alizihesabu pamoja na zile mbili zilizolowa. Arobaini. Akaziloweka kwenye maji baridi. Alipotoka kwenda kufunga kamba upya, alipita mapokezi. Binti alikuwa ameweka mezani karatasi zote kumi na mbili, na kwa kalamu ya wino alikuwa anaandika juu ya namba moja, machozi yakimdondokea kwenye picha ya jua. Simu ilikuwa kando yake. Ujumbe kwa wanaokuja alikwisha kuupeleka.

"Shangazi," alisema bila kuinua uso, "nisamehe."

Mama Dobi alisimama nyuma yake, akasoma na kidole hewani. Huko vyumbani yule mwenye goti bovu alisikika anagonga mlango, anangoja, anagonga tena.

"Andika kubwa zaidi," alisema.