Kiti Kimoja cha Mkoa

Umeshawahi kuona mtu akipasuliwa kichwa kwa ajili ya kiti kilichoko mbali, huko Suva, mji mkuu, kwenye jengo ambalo hajawahi kulikanyaga? Adi Laisani aliona, na kichwa kilikuwa cha mdogo wake.

Asubuhi hiyo ukoo wa chifu ulikaa katika nyumba kubwa ya Vunidrala, juu ya mikeka aliyoisuka Laisani mwenyewe, yenye nyuzi nyekundu za sufu pembeni. Walitakiwa kutoa jina moja la kupeleka Baraza Kuu la Machifu, jina la mtu atakayekaa Seneti kwa niaba ya mkoa. Baba yao, aliyekuwa akikikalia kiti hicho, alishazikwa. Wakabaki wanawe wawili wa kiume wakitoleana macho: Ratu Peceli, na Ratu Jovesa anayemfuata. Kifungua mimba alikuwa Laisani, lakini yeye alikuwa mlangoni akipanga magimbi kwenye majani ya mgomba. Hakuna aliyemuuliza neno.

Mzee Ravuama, msemaji wa ukoo, alichota kikombe cha yangona, kinywaji cha mizizi cha heshima, kwenye bakuli la mti. Atakayenywa kwanza ndiye jina lake litakwenda. Akampelekea Peceli.

"Kaka, usinywe," Jovesa akasema.

"Ninywe nini basi, machozi yako?" Peceli akacheka. "Viti viko thelathini na viwili, mdogo wangu. Waziri Mkuu anagawa tisa, nenda kamlambe miguu. Wapinzani wana vinane, kawapigie magoti. Ukikosa kote, hamia kisiwa cha Rotuma, wana chao kimoja! Vya machifu ni kumi na vinne, kila mkoa kimoja, na cha huku ni changu."

Akainua kikombe. Jovesa akalipiga bakuli teke, yangona ikamwagika kwenye mikeka yote, kisha akalinyofoa ukutani rungu la babu yao na kulishusha. Fuvu lililia kama nazi inayovunjwa jiweni.

Peceli hakuanguka. Damu ikimziba jicho, alichomoa panga lililochomekwa kwenye matete ya ukuta, akamchana Jovesa begani hadi mfupa mweupe ukaonekana. Ravuama alipojaribu kuwaamua, akapigwa kiwiko cha mdomo, akatema meno mawili. Binamu wakarukiana. Mmoja aling'atwa sikio, kipande kikabaki kwenye magimbi ya Laisani. Wakatokea nje wakiviringishana, mawe yakaruka, wanawake wakapiga mayowe.

Laisani alikitazama kile kipande cha sikio. Akanawa mikono taratibu, akaingia chumba cha ndani, akatoka na jino la nyangumi la baba yake, la njano kwa kuzeeka, kamba yake ya makumbi ikining'inia.

Uwanjani Peceli alikuwa chali, panga limemtoka. Jovesa alisimama juu yake, rungu hewani.

"Nakumaliza, wallahi nakumaliza!"

Laisani akapiga magoti katikati yao, akaliinua jino kwa mikono miwili. Mawe yakakoma. Mbele ya jino hakuna anayepiga.

Desturi ni kumsikiliza kwanza mwombaji, ndipo upokee. Ukishapokea, umekubali alichoomba. Lakini Jovesa alidhani dada yake anamwombea Peceli uhai. Akaliangusha rungu, akalidaka jino. Peceli naye, pale chini, akanyoosha mkono uliojaa damu akalishika upande wa pili, asije akaachwa nje ya msamaha.

"Wamepokea!" Ravuama akasema kwa mdomo uliovimba. "Wote wawili! Mmeona nyote!"

"Haya, dada, yameisha," Jovesa akahema. "Mwondoe mbele yangu."

"Yameisha vipi? Mimi sijasema bado."

"Hujasema nini?"

Laisani alijifuta damu ya wadogo zake kwenye sketi. Akawatazama mmoja mmoja, kama zamani alipokuwa akiwaogesha.

"Kile kiti nakitaka mimi," akasema. "Nakitaka tangu siku tuliyomzika baba."