Aliyeonja Chumvi

Bakuli la unga lilikaa katikati ya wanawake watatu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuonja chumvi.

"Leo kumi na saba," alisema Mwanaheri, akikatakata vitunguu kwa kisu kilichokwisha makali. "Ramadhani ya kumi na saba, na wifi yangu hajaonja hata siku moja. Mie sisemi kitu. Nahesabu tu."

"Hesabu vitunguu," mama yake, Binti Kibwana, alimjibu.

Zuwena aliinamia mvuke wa sufuria ili tabasamu lake lisionekane. Jikoni mwa Binti Kibwana, pale Njinjo, mwezi wa mfungo haukuwa na siri baina ya wanawake. Wako wapishi wanaogusisha chakula kwenye ncha ya ulimi kisha wakatema, lakini mama mkwe wake hakutaka hata kusikia. Leo ncha ya ulimi, alikuwa akisema, kesho mkono mzima. Kazi ya kuonja aliachiwa yule ambaye siku zake zilimzuia kufunga. Kwa hiyo aliyeonja chumvi alijulikana, na asiyeionja kwa muda mrefu alijulikana zaidi.

Siku za Zuwena alizitarajia Ramadhani ya kumi na mbili. Hazikuja. Alikuwa na miaka mitatu katika ndoa yake na Bashiru, na mimba moja iliyomtoka ikiwa na miezi miwili, mimba aliyowahi mno kuitangaza. Safari hii hakumwambia mtu. Alijiwekea sharti, la kijinga labda, kwamba habari ile isipite kinywani mwake, si kwa kuikubali wala kwa kuikana, mpaka mwezi wa Idi uandame.

Binti Kibwana alimwaga maji ya moto juu ya unga wa mahindi, nusu yake tu, akausonga kwa mwiko hadi ukavutika. Kisha akatia ile nusu iliyobaki ikiwa kavu. Mahindi hayashikani yenyewe kama ngano. Unga usipounguzwa kwanza kwa maji, vitonge hutawanyika kwenye mafuta kama kuku walioona mwewe. Vikafuata vitunguu, pilipili mbichi, bizari nyembamba na tui kidogo. Chumvi mwisho. Vitonge vile viliwekwa kando ya mbaazi za nazi, na siku visipokuwepo, watu wa nyumba ile walifuturu kwa manung'uniko.

Hapo kwenye chumvi ndipo palipomnyima Zuwena raha. Ilikuwa chumvi ya mawe, Mwanaheri aliileta kutoka kwake, mjini Masoko, kwenye kiroba alipokuja kufunga na mama yake. Konzi hii kali, konzi ile imepooza. Hata hivyo, kwa siku kumi na sita, bila mtu kuonja, vitonge vilitoka sawasawa. Zuwena aliishia darasa la saba kule kwao Likawage, lakini jambo lisilo na sababu lilimkera kama mwiba wa samaki uliokwama kwenye fizi.

Alianza kuchunguza. Siku ya kumi na tatu alidhani ni kipimo cha mkono, akahesabu mara mama mkwe alizochota chumvi kwa ncha za vidole: tatu. Kesho yake mbili, na ladha ileile. Siku ya kumi na tano alidhani ni pua, akaunusa unga mpaka akapiga chafya. Hakupata ila bizari. Siku ya kumi na sita, mama mkwe alipotoka kutawadha, Zuwena alitia konzi nzima ya chumvi kwa siri, akakaa kusubiri balaa. Balaa halikuja. Jioni vitonge vilikuwa na chumvi yake ya kila siku, ila kwenye sinia vilizidi kumi na kimoja. Unga ulikuwa umeongezwa.

Usiku ule aliliwaza jambo hilo mpaka usingizi ukamchukua. Mkono usingeijua ile konzi. Pua isingeijua. Kinachoijua chumvi ni ulimi peke yake.

"Mwanaheri, kuni zinakwisha," alisema Binti Kibwana sasa. "Nawe Zuwena, kanichotee maji."

Mtungi ulikuwa umejaa. Zuwena aliutazama, akatazama ndoo, na ndipo alipokumbuka kwamba kila siku, kitonge cha kwanza kikishaiva, yeye hutumwa maji. Alichukua ndoo akatoka. Alifika kwenye ukuta wa choo, akahesabu mpaka hamsini, akarudi kwa miguu ya paka.

Binti Kibwana alikuwa ameketi kuelekea ukutani. Kitonge kilikuwa juu ya kifuniko cha sufuria, kimeliwa nusu. Hakuwa anaonja. Alikuwa anakula taratibu, bila hamu, kama mtu anayetimiza kazi. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa kikaratasi cha dawa, akachukua humo vidonge viwili vyeupe, akasema bismillahi kwa sauti ndogo, akavimeza kwa maji ya kikombe.

Zuwena angeweza kurudi nyuma. Alikuwa amekwisha kulipata jibu lake, na jibu lenyewe halikumhusu. Lakini ndoo iligonga mlango.

"Ingia," alisema Binti Kibwana bila kugeuka. "Nilijua ni wewe uliyetia ile chumvi jana. Ilikuwa kama kunywa bahari."

Zuwena aliketi. "Tangu lini, mama?"

"Tangu Shaabani. Sukari. Yule binti wa zahanati alisema nikifunga nitaanguka."

"Mgonjwa hana dhambi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Dhambi sina. Nina Mwanaheri."

Hakuhitaji kueleza. Tangu alipofika, Mwanaheri hakuchoka kusema kwamba siku mama yake atakayopata hata mafua atamhamishia kwake Masoko, penye hospitali na umeme usiokatika, amlaze kwenye godoro na kumlisha uji. Alikuwa mwanamke wa kutenda anachosema. Basi la asubuhi lisingepita bure.

"Korosho zangu ziko hapa," aliendelea Binti Kibwana, akitazama mafuta. "Baba yao amezikwa hapa. Mimi uji wa kulishwa siujui. Nikiondoka humu jikoni..."

Mwanaheri aliingia na mzigo wa kuni, akautua kwa kishindo, akajifuta jasho. Macho yake yalitua kwenye kifuniko cha sufuria: kitonge nusu, na alama za meno. Yakahamia kwenye kikombe.

"Nani kala?"

Mafuta yalichemka. Mkono wa Binti Kibwana ulikuwa bado juu ya fundo la kanga, na Zuwena aliona anavyolisukumiza chini ya paja, kama mtoto anayeficha alichoiba.

"Mimi," alisema Zuwena.

"Leo?"

"Leo, wifi."

Uso wa Mwanaheri ulishuka. Zuwena alikuwa amejiandaa kwa utani, angeweza kuubeba. Lakini wifi yake aliinama, akamgusa bega. "Pole, mwenzangu. Na domo langu hili, siku zote nakuhesabia kama mkopeshaji. Nisamehe." Akatoka uani, wakasikia anasukuma kuku kwa mguu bila kuwasemesha, naye ni mtu wa kuwasemesha kuku.

Neno lilikuwa limepita kinywani: kusema amekula leo ni kusema siku zake zimekuja. Zuwena alijisikiliza, kama mtu aliyetupa jiwe kisimani anayesubiri lifike chini, ili ajue kama kweli neno tupu linaweza kufika mbali kiasi hicho ndani ya mwili wa mtu.

"Umekula?" aliuliza Binti Kibwana.

"Sijala, mama."

"Siku zako zimekuja?"

"Hazijaja."

Mama mkwe alihesabu kwa vidole, kimyakimya, toka kidole gumba mpaka cha mwisho. Alipofika cha tano alikishika, hakukiachia.

"Na saumu yako umeitia doa kwa ajili yangu."

"Nilikuona unalificha fundo."

"Unajua ulichokikana?"

"Najua."

Binti Kibwana alivuta pumzi. Alichukua kile kitonge nusu, akakigeuzageuza, akakirudisha kwenye kifuniko, mahali ambapo mtu yeyote angekiona. Alifungua tena fundo la kanga, akakitoa kile kikaratasi cha dawa, akakiweka kando yake.

"Huyo hawezi kukanwa kwa sababu ya basi la Masoko," alisema. Kisha akapaza sauti kuelekea uani. "Mwanaheri. Hebu rudi hapa."

"Nakuja, mama. Kuna nini?"

"Njoo ukae. Na hicho kigoda chako uje nacho, si maneno ya kusikilizia wima."

Zuwena aliinuka ili awapishe, mama na mwana. Kabla hajapiga hatua, Binti Kibwana alimshika upindo wa kanga, akamvuta chini.

"Wewe unakwenda wapi," alimwambia. "Geuza vitonge, vinaungua."