Mahali pa Munee Jamvini

Siku ya pili na ya mwisho ya mafunzo, pale ukumbini Kombani, Mwalimu Mwanarusi alicheka mpaka akajishika mbavu. Mkufunzi wao, Bi Zainabu, alikuwa amewataka walimu wa chekechea waseme waziwazi yale wanayoyasikia majumbani mwao juu ya majirani zao. Wayatoe yote, kama mtu anayekung'uta mkeka.

"Haya, nianze mimi," akasema Muthoka, mwalimu kutoka Lunga Lunga, mwanamume pekee kati yao. "Kwetu Wakamba twaambiwa Mdigo akishapanda mhogo hulala mpaka ukomae, kisha humwita mkewe aje auchimbe."

"Toba!" akapaza sauti Mwanarusi. "Na sisi Wadigo twaambiwa Mkamba hata kivuli chake hukiuza, akipata mteja."

"Hukiuza, lakini wewe nitakupunguzia bei, dada."

Ukumbi mzima ukavuma kwa kicheko. Bi Zainabu naye alicheka, maana hakuwa mtu wa kununa. Walipotulia, akasema kwa upole, "Sisi twajua ni utani. Watoto hawajui. Sasa kila mmoja ajiulize: darasani kwangu, ni mtoto gani niliyemhukumu kabla sijamuuliza?"

Kicheko kikamkauka Mwanarusi mdomoni. Alimkumbuka Munee.

Munee alikuwa msichana wa miaka mitano, mjukuu wa Mama Kamene, wa zile familia za Kikamba zinazolima kando ya barabara ya Msambweni. Juma lililopita Jaafar alianguka kwenye ngazi ya darasa, akachubuka goti, akalia. Watoto wengine walisimama wakimtazama. Munee peke yake ndiye aliyemwendea. Akamvuta shati mbele, akainama, na tu! Akamtemea mate kifuani. Jaafar akalia mara mbili ya mwanzo.

"Munee!" Mwanarusi alikuja mbio. "Ndiyo adabu mnayofunzwa kwenu?"

Waliporudi ndani, akamwondoa jamvini walipoketi wenzake, akamkalisha peke yake kwenye kigoda karibu na mlango mpaka saa ya kwenda nyumbani. Tangu siku ile mtoto hakuonekana tena. Watu walisema bibi yake alikuwa anataka kumhamishia shule nyingine, mbali, wanakosoma watoto wengi wa kwao. Kufika huko ni kuvuka barabara ya malori, na miguu yenyewe ile midogo. Mwanarusi alikuwa amejiambia, basi, labda ndiyo heri. Sasa lile neno "kwenu" lilimrudia na kumchoma kama mwiba wa samaki kooni.

Kazi waliyopewa jioni ile ilikuwa moja: nenda nyumbani kwa mtoto huyo. Usiende kufundisha. Muulize anayemlea, mtoto huyu hupendwa vipi hapa nyumbani?

"Nikipewa chakula je?" Mwanarusi alimnong'oneza Muthoka wakiaga.

"Ule. Msimu huu utapewa mbaazi tu, na mbaazi hazichinjwi, dada."

Alimkuta Mama Kamene uani akimenya mbaazi kweli. Bibi yule aliinuka taratibu kwa magoti yake mabovu, akafuta kiti kwa ncha ya leso, akakisogeza kivulini. Kiti cha kwake mwenyewe akakiacha juani. Mwanarusi aliliona hilo, akainamisha macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Hatujambo, twaendelea na haya maganda."

Munee alichungulia kutoka nyuma ya mlango, akajificha. Mwanarusi akachukua mbaazi kiganja kimoja akaanza kumenya naye, na baada ya kitambo akauliza swali alilotumwa.

"Hupendwa vipi?" Mama Kamene akacheka. "Huoshwa, hulishwa, hukaripiwa. Na kila asubuhi kabla hajaja kwako, humfanyia hivi. Munee, njoo!"

Mtoto akaja akiwa amemkazia mwalimu macho. Bibi akamfungua kifungo cha juu, akamtemea mate kidogo kifuani, tu! "Mungu akukuze." Uso wa Munee ukachangamka wote.

Mwanarusi akaacha kumenya.

"Mama," akasema, "hii ndiyo sababu nilimtoa jamvini." Akaeleza yote: Jaafar, goti, kigoda cha mlangoni, na lile neno alilolitamka. Hakulificha.

Mama Kamene alikuwa hajui. "Aliniambia tu kwamba jamvini hakuna nafasi yake," akasema polepole. Akamtazama mjukuu wake, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Mwanarusi akadhani analia. Kumbe alikuwa anacheka. "Wewe Munee! Ulikuwa unabariki? Miaka mitano? Mate ya baraka ni ya wazee, mama! Mimi mwenyewe nilingoja mpaka meno yakaanza kung'oka!"

Mwanarusi naye akaangua kicheko, machozi yakimtoka. Akafuta uso. "Babu yangu, kule kijijini Bodo, alikuwa akitia maji mdomoni akatupulizia tukisafiri. Wala hakuna aliyesema hana adabu."

"Basi sisi na nyinyi tofauti yetu ni kikombe tu," akasema Mama Kamene.

Mwanarusi akapiga magoti mbele ya Munee. "Nilikosea. Nilikufukuza sijakuuliza. Nakuomba urudi, tumekukosa."

Munee akauficha uso kwenye leso ya bibi yake.

"Usimharakishe," bibi akasema. "Kesho nitakuja naye mpaka mlangoni. Kuingia ataingia mwenyewe, akitaka. Asipotaka, hiyo shule nyingine ipo. Sasa kaa ule."

Mwanarusi alikula mbaazi za nazi, akaongezwa, akala tena.

Asubuhi walikuja kweli. Darasa zima lilikuwa jamvini, na watoto waligeuka walipomwona bibi amesimama mlangoni, amemshika Munee mkono. Mwanarusi akawaeleza kwamba nyumbani kwa Munee hivi ndivyo mtoto anavyoombewa heri. Mama Kamene akambariki mjukuu wake hapo hapo, wote wakitazama.

Jaafar akainua mkono. "Kwa hivyo siku ile alikuwa ananibariki mimi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mbona goti liliendelea kuuma?"

"Baraka ilikuwa mbichi," akajibu Mama Kamene. "Aliyeitoa hajakomaa."

"Na mimi, nyanya! Nibariki na mimi!" Jamvi zima likainuka. Mama Kamene alianza na wa kwanza, wa pili, wa tatu, akasita. "Mwalimu, niokoe. Mate yamenikauka!" Mwanarusi akakimbilia mtungi, akamletea maji kikombe kizima, na bibi akawanyunyizia kwa vidole, mmoja mmoja, "Mungu akukuze, Mungu akukuze," wakipiga kelele za furaha kama kuku walioona mtama.

Lakini walipoketi tena, Munee hakwenda jamvini. Alikwenda akakaa kwenye kigoda cha mlangoni, mikono mapajani, akitazama vidole vya miguu yake. Mama Kamene alimtazama mwalimu.

Mwanarusi hakumwita. Aliinama akashika ncha ya jamvi. "Hapa kuna joto," akawaambia watoto. "Leo tutasomea mlangoni. Shikeni na nyinyi."

Wakalivuta wote, wengine wakiwa bado wamelikalia, wakiburutwa na kucheka, mpaka jamvi likafika likagusa miguu ya Munee. Wakaketi kumzunguka. Mwanarusi akatoa vifuu vyake vya kuhesabia, akaanza kana kwamba hakuna lililotokea. "Moja..."

Kwenye nne Munee alishuka kigodani. Akajipenyeza katikati yao.

"Songa, Jaafar. Wanibana."

"Wewe ndiwe unayenibana!"

"Songa!"

Jaafar akasonga. Mama Kamene akajifunga leso vizuri, akashika njia ya kurudi kwenye mbaazi zake, na mpaka anafika barabarani alikuwa bado anaisikia sauti ya mjukuu wake juu ya sauti zote, ikihesabu vifuu na kuruka saba kila mara. Siku hiyo hakuna aliyemsahihisha.