Kiti cha Byabato

Kokubanza alikuwa anamenya ndizi nyuma ya jiko lake, Nshambya, asubuhi magari ya waya yalipoanza kubeba abiria. Yalitoka Bakoba, yakapita juu ya migomba yake, yakaenda zake mlimani. Watu walikuwa wameshayapa jina, vikapu. Katika kimojawapo alikuwemo mumewe, Byabato, ambaye alifariki mwaka juzi na kuzikwa pale pale kibanjani. Alikaa dirishani, amevaa kofia, kanzu na koti alilozikwa nalo. Pembeni yake alikuwa mwanamke amepakata kuku.

"Mama Annastella," aliita kutoka juu, "hizo ndizi bado changa."

"Ndizo zilizopo. Shuka ule."

"Nishukie wapi? Hapa hamna kituo."

Kikapu kikapita. Kokubanza akaendelea kumenya.

Sababu ya yeye kuwa humo ilikuwa nguzo ya waya. Mafundi walipomwaga zege lake, Kokubanza alikuwa Muleba akimuuguza dada yake. Aliporudi aliikuta imesimama juu ya kaburi, ndefu kuliko mnara wa kanisa. Byabato aliyavumilia makelele ya ujenzi, maana hata akiwa hai hakuwa mgomvi. Lakini waya ulipoanza kutembea kwa majaribio, zege likawa linatetemeka mchana kutwa, na mtu hawezi kulala hivyo. Akatoka, akatembea hadi Bakoba, akapanga foleni kama wenzake.

Wiki ya pili, jirani yao Rwekaza alikuja hadi uani kucheka.

"Mzee amekuwa mtalii! Akiwa hai hata Muleba kwa wakwe zake alikwenda siku ya posa tu, tena akarudi siku hiyohiyo."

"Yeye anazunguka kwa sababu hana pa kulala," Kokubanza alisema. "Wewe una kitanda, unazunguka unatafuta nini?"

Rwekaza akaenda zake. Kokubanza akavaa kitenge kizuri akashuka mjini kwa miguu, kumwona Alexander, mpimaji wa mradi.

Alexander alikuwa mtoto wa kijiji cha Maruku, si mbali na mji. Alimwamkia, akamvutia kiti, akatandaza ramani mezani.

"Mama, mimi niliona mulamula," alisema, kidole kikiwa kwenye alama ya nguzo.

Mulamula ni mmea wa mpaka. Ukiuona umesimama peke yake, upande huu ni wa mtu na upande ule si wake, na hakuna anayeuliza zaidi. Alexander alikuwa amepima na wenzake wawili, mmoja wa Dodoma, mmoja wa Tanga. Wale waliona jani tu. Walitaka kumsubiri mwenye nyumba arudi wamuulize. Alexander akawaambia hakuna haja, hapa ni kwetu, huu ni mpaka, ng'ambo yake ni njia ya waya.

"Ule nilimpandia Baba Annastella kichwani," Kokubanza alisema. "Annastella alileta marumaru kutoka Mwanza, meupe, kama ya bafuni. Nikaona mwanaume wa watu apate na kitu kibichi. Nilivyokuwa Muleba, majani ya migomba yakafunika yote, ukabaki huo tu."

"Sasa nani anapanda mulamula kaburini, mama waitu?"

"Mimi."

Alexander alijikuna shingo. "Anasumbua abiria?"

"Hasumbui. Anawaonyesha migomba ya nani imeingiwa na mnyauko."

"Hilo si baya."

"Sikuja kumshtaki mume wangu. Nataka nguzo itoke, alale. Na ubavuni kwake, upande wa nyumba, ni mahali pangu. Tulikubaliana akiwa na akili zake. Zege lenu limefika hadi pale."

Alexander akaivuta ramani karibu. Nguzo ikitoka, alisema, waya utalegea na mji mzima utarudi kupanda mlima kwa miguu. Halafu ramani ilikwisha kupitishwa. Kwenye ramani, pale palikuwa nje ya kibanja chake, na nje ya kibanja hapawezi kuwa na kaburi la mtu wa nyumba ile.

"Na yeye yuko kikapuni," Kokubanza alisema.

"Yuko. Tumeonana leo asubuhi, tukasalimiana."

Kokubanza akaaga, akaenda kituoni Bakoba. Msichana wa mlangoni, Zabibu, alimshika mkono.

"Bibi, kiache hiki kipite. Cha mzee kinafuata."

Byabato alikuwa palepale dirishani. Alikuwa amekonda kidogo, na magoti yake hayakutulia, yalikuwa yanapanda na kushuka. Kokubanza akakaa pembeni yake, kikapu kikainuka.

"Umechoka," alimwambia.

"Miguu inanicheza. Nikifumba macho naona bado tunakwenda, nikifumbua kweli tunakwenda. Bakoba, juu, Bakoba, juu. Hivi watu wanafuata nini huko kote?"

"Shuka basi, turudi nyumbani kwa miguu."

"Nikifika nilale wapi?"

Wakafika juu ya kibanja chao. Kokubanza aliona bati la nyumba yake, moshi wa jiko aliloacha bila kuzima, mibuni, halafu zege. Lilikuwa kubwa kuliko alivyolizoea akiwa chini. Mahali pake aliweza kupaona vizuri. Palikuwa katikati ya zege.

"Na mimi je, nikiitwa?" aliuliza.

Byabato alikitazama kiti alichokalia mkewe. "Hicho asubuhi kinajaa. Jioni wanakaa wanafunzi."

Walipofika kituo cha juu na kuzunguka hadi Bakoba tena, Kokubanza alimuuliza Zabibu kama kiti kile kinaweza kuwekwa kwa ajili yake.

"Kwa marehemu tunaweka, bibi," Zabibu alisema kwa upole. "Kwa walio hai, bado hawajaturuhusu."

Kokubanza akamshukuru, akafunga kitenge vizuri, akaanza kupanda kwenda Nshambya kwa miguu. Jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi kwenye foleni. Hakuwa amefika mbali kikapu kilipompita juu ya kichwa. Kilikuwa kimejaa. Byabato alikuwa ameivua kofia yake akaiweka kwenye kile kiti cha pembeni yake, na mwalimu mmoja, na begi lake mkononi, alikuwa amesimama.