Ujia wa Sentimita Hamsini

Ujia ule ulikuwa na upana wa sentimita hamsini, na Fundi aliujua kuliko mtu yeyote kwenye foleni, kwa sababu aliuchomelea yeye mwenyewe. Miaka miwili nyuma Katibu wa klabu alikuja karakana, miwani kaiweka juu ya upara, karatasi mkononi, akataka vyuma vya kupangia watu mbele ya dirisha la tiketi. Viingilie huku, vikate kona nne, vitokee dirishani. Fundi alimwambia, bosi, weka hata sabini, hamsini itawabana watu. Katibu akasema kubana ndiyo kazi yake. Mtu akishaingia asimpite mwenzake, na asiweze kurudi nyuma. Ndivyo walivyo wakubwa. Yeye mwenyewe mlango wake uko upande wa pili wa jengo, na una zulia.

Sasa, Jumamosi ya mwisho kabla msimu haujaanza, Fundi alikuwa kwenye kona ya tatu, bega moja kwenye bomba hili na bega jingine kwenye bomba lile. Watoto wake watatu walimtangulia kama mabehewa: mapacha wa miaka minane, na mbele yao dada yao wa miaka kumi na tatu, kabeba bahasha yenye fomu na picha.

Mpira wenyewe Fundi hakuupenda. Aliyeupenda alikuwa marehemu mkewe. Kila Jumamosi ya mechi aliweka redio juu ya ndoo iliyopinduliwa, yeye na binti yake wakafua huku wakimgombeza mwamuzi. Yule binti alikuwa anamjua mpaka kipa wa akiba na namba ya jezi yake. Baada ya msiba redio ilinyamaza, mapacha wakawa wanalia kila Jumamosi bila kujua wanalilia nini. Siku moja Fundi, ili tu wanyamaze, akaropoka: "Msimu ujao tutaingia uwanjani. Nyote watatu." Neno likishatoka mbele ya mapacha halirudi. Kwa miezi mitano walimkumbusha asubuhi na jioni. Dada yao peke yake ndiye hakumkumbusha hata mara moja.

"Aliyetengeneza hiki kitu," ilisema sauti nyuma yake, "namwombea siku moja apite humu na tumbo langu."

Alikuwa muuza mayai wa kule sokoni, mtu wa mwili hasa, kapita kiubavuubavu kama kabati linaloingizwa mlangoni. Nyuma yake alikuwa mwanawe wa pekee, kavaa kofia ya klabu.

"Ni baba!" pacha mmoja alipaza sauti, kifua mbele. "Amekijenga baba!"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Kumbe! Fundi, umetufunga sisi, halafu ukaona haitoshi, ukajifunga na wewe?"

"Nilipewa vipimo," Fundi alijibu bila kugeuka, maana kugeuka hakukuwezekana. "Kawaulizeni wakubwa wenu. Mimi natumwa tu."

"Wakubwa wetu? Wako ni akina nani?"

"Wangu ndio waliomuua mke wangu."

Kicheko kikakatika. Muuza mayai alisema pole. Watu wote pale sokoni walikuwa wameshaisikia ile habari. Mtungi wa hewa ya kupumulia ulikuwepo hospitali, kwenye chumba chenye kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mganga mkuu, na mganga mkuu alikuwa semina. Fundi alisimama mbele ya kufuli lile saa tatu nzima. Angelikata kwa dakika mbili. Alikatazwa, akatii. Hapo ndipo palipomkaa kooni hadi leo. Kila alipoisimulia, palipohusu kutii hakupagusa. Alipagusa pale palipohusu semina.

Wakafika dirishani. Karani, dada kijana mwenye kalamu sikioni, alipokea bahasha, akapitisha jicho, akapiga muhuri wa kwanza.

"Kifurushi cha mzazi na watoto. Mzazi mmoja, watoto wawili, mapacha. Hongera, baba. Na huyu binti?"

"Mimi nimewasindikiza tu," binti alisema.

"Umemsindikiza nani?" Fundi aliuliza. "Dada, watoto ni watatu. Andika watatu."

"Mzazi mmoja ni watoto wawili, baba. Wazazi wawili ndio wanaruhusiwa hadi wanne. Imeandikwa pale." Karani alionyesha ukutani kwa kalamu.

Fundi aliutazama ukuta. Lile bango alikuwa analitazama tangu asubuhi, kama mtu anavyotazama ua la kwenye kitenge. Herufi alizijua mojamoja. Zikikaa nyingi pamoja zilimchosha, na karatasi zote za nyumbani alimwachia binti.

"Nisomee," alimwambia kwa sauti ya chini.

Binti alimsomea, mzazi mmoja watoto wawili, picha mbili mbili, kiti hakibadilishwi. Alisoma huku anatazama viatu vyake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipoijaza fomu."

"Ukanyamaza?"

"Ungekasirika, baba. Usingekuja. Halafu mapacha wangekosa."

"Na wewe je?"

"Jumamosi si ni siku ya kufua? Na mkirudi mtakula nini?"

Aliyasema bila kununa, na Fundi aliyatambua maneno hayo kama mtu anavyotambua koti lake mgongoni mwa mwingine. Yalikuwa yake. Siku ya nne baada ya maziko, ndugu walipokwisha kutawanyika, alimkabidhi binti ufunguo wa stoo na kumwambia, sasa mama wa nyumba hii ni wewe. Hakumuuliza kama anataka. Mtoto alipokea kwa mikono miwili, akaenda kuosha vyombo.

Hasira ikampanda, na kama kawaida yake akaipeleka dirishani.

"Mwenzangu amekufa. Kwa hiyo kwa hesabu zenu na watoto wamepungua?"

"Pole sana, baba. Si mimi niliyepanga."

"Nani kapanga?"

"Katibu."

"Mwite."

"Yuko kwenye kikao." Karani alishusha macho. "Baba, mimi natumwa tu."

Huko nyuma watu wakaanza. "Fundi, sogea!" "Nunua au tupishe!" "Atupishe wapi sasa, tumpitishe juu?" Fundi alisema basi, hataki, anatoka na watoto wake. Lakini atokee wapi? Nyuma kulikuwa na watu arobaini wamebanana kama kuni kwenye mzigo. Mbele kulikuwa na geti dogo ambalo Karani hulifungua kwa kitufe, na mfumo ulikuwa unasubiri ama tiketi tatu, ama afute fomu na kuanza upya Jumatatu, na Jumatatu viti vya familia vingekuwa vimekwisha.

Kisha akakumbuka kilango cha dharura.

Kilikuwa pale pale, kiunoni pake upande wa kushoto. Mkaguzi wa zimamoto alikidai, na mkaguzi alipoondoka tu Katibu akaagiza kichomelewe. Fundi alikumbuka kwamba siku ile umeme ulikatika, akakigusiagusia moto sehemu mbili tu. Kingeachia kwa teke moja. Akapiga teke. Akapiga la pili kwa nguvu zake zote, mapacha wakaanza kulia, na chuma hakikutikisika hata kidogo. Alipoinama kukishika ndipo akakumbuka yaliyobaki: kesho yake alfajiri alirudi na mashine. Hakuna mkubwa aliyemtuma. Aliona aibu kuacha kazi nusu, akazungusha moto pande zote nne, akapiga na msasa.

"Fundi, utavunjika mguu bure," muuza mayai alisema. Alisema taratibu, bila dhihaka. "Nisikilize. Mimi nina huyu mmoja. Nafasi ya pili naiacha ikae tupu mwaka mzima. Mwandike binti kwangu."

Fundi alimtazama Karani. Karani alipitisha kalamu juu ya fomu. "Inaruhusiwa. Fomu inasema mzazi au mlezi. Ila ataandikwa chini ya huyu mzee, na atakaa nao jukwaa B. Nyinyi mko A. Habadilishiwi hadi msimu uishe. Na baba mzazi aweke sahihi kwamba ameridhia."

Mtoto wake, kwenye karatasi, awe wa mtu mwingine. Fundi alihisi mabomba yamesogea zaidi. Tayari kule nyuma mtu aliguna, na mwingine alicheka puani. Angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angemlaumu. Binti mwenyewe asingemlaumu. Angerudi nyumbani, angeloweka nguo, na mambo yangeisha kimyakimya.

Binti hakuomba kitu. Alimgeukia muuza mayai, akauliza kama mtu anayeuliza njia: "Jukwaa B ndilo lile la nyuma ya goli?"

"Hilo hilo, mwanangu. Kipindi cha kwanza kipa wetu anakaa pale."

"Basi cha pili tunashambulia pale pale!" alisema, na sauti ikamtoka juu, kali, ile sauti ya kumgombeza mwamuzi. Fundi hakuwa ameisikia tangu redio inyamaze.

Fundi akachukua kalamu. Aliandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, nyingine zikapanda juu ya mstari.

"Na nguo, baba?" binti aliuliza geti lilipolia na kufunguka.

"Zitanuka," alisema Fundi. "Sijui. Twende."

Mechi ya kwanza ilikuwa wiki moja baadaye. Fundi alikaa jukwaa A, kiti cha mwisho kando ya uzio, katikati ya pacha anayetaka kujisaidia na pacha aliyemwaga soda. Uzio ule nao ulikuwa wake. Ulimfika kifuani, na juu una ncha kali kama Katibu alivyoagiza. Ng'ambo yake, safu tatu mbele, binti alikuwa hajakaa tangu filimbi ianze. Alikuwa anapiga kelele kwa majina na kwa namba, na muuza mayai kaziba sikio la upande ule.

Kipindi cha pili uwanja mzima ulilipuka. Fundi aliona watu wanakumbatiana, akajua ni goli. Binti aligeuka huku na huku akitafuta wa kumkumbatia. Akamwona. Akapanda ngazi mbio mpaka kwenye uzio, akapenyeza mkono kati ya nondo na nondo, sentimita kumi, ukaingia hadi kwenye kiwiko ukaishia hapo.

"Umeona, baba? Umeona alivyomgeuza?"

Fundi aliushika ule mkono. Ulikuwa na ukavu wa sabuni ya kufulia, kama wa mtu mzima.

"Nimeona," alisema. Hakuona kitu. Muda wote alikuwa anamtazama yeye.

"Wanaanza tena!" binti alisema, akauchomoa mkono, akashuka mbio kwenda kwa watu alioandikwa kwao.

Fundi alibaki kashika chuma. Kidole gumba kilipita kwenye kiungo, kikashuka kwenye kingine, kikatafuta penye ufa, penye tundu, popote pale ambapo moto haukushika. Alivikagua vyote ambavyo mkono ulivifikia. Vilikuwa vimeshika barabara.