Programu Kwenye Foleni

Saa nne kasoro dakika tano, Dufie, karani wa mapokezi, alimaliza kuandika kadi ya thelathini na moja, akafunika bakuli lake la uji wa mahindi lisiingiwe na nzi. Zahanati yao, nje kidogo ya Kumasi, ilikuwa na kompyuta moja na daktari mmoja. Kila siku saa sita gari lilimchukua daktari kwenda zahanati nyingine, na asiyeandikishwa kabla ya hapo alirudi nyumbani. Nana Birago, mwenye kidonda mguuni, alikuwa amerudi hivyo mara tatu.

Saa nne kamili kompyuta iliganda, kama kila siku, na programu ya kunakili majalada ikatoka nyuma yake. Ilikuwa mwanamke mfupi mwenye beseni kichwani. Aliokota majalada ya wagonjwa moja moja, akayanakili yapelekwe makao makuu Accra, na hadi amalize, saa sita, hakuna aliyeandikishwa. Watu walikunja miguu apite.

"Leo kavaa kitambaa kipya," alisema mama mmoja. "Yeye anapendeza, sisi tunaoza."

Dufie alimtazama akaona aibu. Mwaka mzima mgeni huyu anaingia, na hakuna aliyempa maji. Kwao mgeni hukalishwa, hunyweshwa, ndipo huulizwa safari yake. Wao walikuwa wakimsema tu. Akamvutia kiti, akamjazia kikombe.

"Kunywa, dada. Huku kwetu ni salama. Wewe ndiye mwenye safari, kimekuleta nini?"

Programu alikunywa hadi tone la mwisho. "Nimetumwa saa nne. Mkubwa anapenda kuisoma ripoti akiwa anakula chakula cha mchana."

"Kumbe si lazima saa nne?"

"Mimi? Hata saa saba naweza. Saa saba nyie mnakula fufu, mashine imekaa bure. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Basi, mwanangu," alisema Nana Birago, "umeshakunywa maji ya nyumba hii. Foleni inaanzia kule."

Programu alichukua namba sitini na tatu, akaenda kukaa mwisho wa benchi. Mama mmoja aliyetaka kufunga kanga yake akampakatisha mtoto. Kompyuta ikaamka.

Saa nne u nusu simu ililia, kutoka makao makuu.

"Madam Dufie, programu yetu iko wapi?"

"Iko kwenye foleni, bwana."

"Ratiba inasema saa nne!"

"Nimeisoma. Kuna watu ishirini na wanane mbele yake."

"Nitakuandikia barua!"

"Andika, bwana. Ikifika nayo itasubiri zamu yake."

Siku hiyo daktari aliushika mguu wa Nana Birago kwa mikono miwili, taratibu, akasema laiti angeletwa mapema kidogo. Vidole viwili vilikatwa. Alipopata nafuu alirudi na fimbo kusafishwa kidonda, akakaa karibu na programu, wakagawana karanga.

Barua ilifika Jumatatu moja. Ratiba ni saa nne katika zahanati zote, na haibadilishwi. Dufie aliisoma kwa sauti mbele ya watu wote, kuanzia anwani hadi muhuri, bila kuruka neno. Programu naye alisikiliza. Kisha akasogea kwenye benchi, kumpisha mzee aliyekuwa amesimama.