Maji Yaliyochelewa

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba maji yalichelewa. Dada yangu Watiri aliisukuma meli yake ndogo ya mbao kwa kidole, ikainama, na ilipotaka kurudi, maji ya ndani ya tangi lake yalikuwa bado yanaenda upande ule. Meli ikapinduka.

Nilikuwa nimetoka kukamua ng'ombe wanne, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya huku kwetu Tetu, mlimani. Watiri alikuwa ameketi kando ya hodhi la kunyweshea ng'ombe tangu kulipopambazuka.

"Ya ngapi hiyo?" nikauliza.

"Ya kumi na moja. Tangi likiwa tupu, inasimama. Likijaa, inasimama. Likifika nusu, inalala kama mlevi."

Anasomea kuunda meli, chuo kikuu huko pwani, mwaka wa nne. Mwalimu wake aliirudisha kazi yake: Jumatatu meli isimame tangi likiwa nusu, au arudie mwaka mzima.

Jirani yetu, Mzee Mathenge, akapita na mkebe wake wa maziwa. "Watiri, ati hiyo meli itashukia mto gani?"

"Itakubeba wewe kwanza, guka, tuone kama unajua kuogelea," akamjibu babu huyo bila kucheka.

Niliutazama ule mkebe. Ulijaa hadi shingoni, nao haukutikisika. Mkebe ukiwa nusu, maziwa huyumba yakakuvuta mteremkoni hadi ukaanguka. Na maji ya mtoni, ndoo isipojaa, mama alitufundisha kuweka tawi la majani juu ili yatulie. Watiri alisahau. Alienda shule ya bweni akiwa na miaka kumi na minne. Tangu hapo ndoo ni zangu.

Nilichuma majani, nikafungua kifuniko cha tangi, nikayatia.

"We Gathoni! Hiyo ni meli, si sufuria ya kupikia mukimo!"

"Sukuma tu."

Akasukuma. Meli ikainama, ikasita, ikarudi. Akasukuma kwa nguvu zaidi. Ikarudi.

Akakimbilia kisu. Akakata mtungi wa plastiki vipande vipande, akavisimamisha ndani ya tangi kama kuta, akayatoa majani. Meli bado ilisimama. Mimi nilienda kuosha mikebe.

Jumanne akapiga simu. "Nimepita! Mwalimu ameuliza nilizifikiria vipi zile kuta."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba zilinijia tu. Ningemwambia nini, ati majani?" Akacheka. "Lakini wewe mambo haya yatakuchosha bure. Hukupenda shule."

"Haya. Vizuri," nikasema. Ng'ombe walikuwa wakilia, na mgongo ulikuwa unaniuma.

Ni kweli nilimwambia baba hivyo, nikiwa darasa la sita, mama alipougua na mmoja wetu akahitajika nyumbani. Baba alikuwa ameshamtazama Watiri, kwamba yeye ndiye abaki. Nikawahi kusema sipendi kusoma.

Watiri, yale majani yalikuwa wazo langu. Na shule niliipenda.